Kufuta Herufi: Historia ya Matini Badilifu katika Lugha za Programu na Funzo Lake kwa Taaluma za Kiswahili

1.0 Utangulizi

Kufuta ni kazi ya kale kama ilivyo kuandika. Katika vyuo vya Kurani vya mwambao wa Afrika Mashariki, mwanafunzi aliyemaliza somo aliuosha ubao wake wa mti ili aandike somo jingine. Mnakili wa utenzi aliyekosea neno alilikata kwa mstari na kuliandika lililo sahihi juu yake au pembeni. Mpiga taipu wa ofisini alirudi nyuma nafasi moja na kupiga alama ya x juu ya herufi aliyoikosea. Ukiacha ubao uliooshwa, njia hizi zina jambo moja la pamoja: kila moja huacha athari ambayo mtafiti mwenye subira anaweza kuisoma. Wanaofanya uhakiki wa hati za kale wanafahamu kwamba neno lililokatwa aghalabu husema mengi kuliko lililobaki.

Matini ya kompyuta haina desturi hiyo. Herufi ikiondolewa, zilizo nyuma yake husogea mbele na kuziba pengo, na matini husomeka kana kwamba herufi hiyo haikuwahi kuwapo. Mhadhara huu unafuatilia historia ya tendo hilo dogo, yaani namna lugha za programu zilivyojifunza kuondoa herufi katika matini, hasa zile lugha zinazojengwa juu ya dhana ya vitu. Katika lugha hizo, kitu ni fungu la taarifa pamoja na vitendo vinavyoruhusiwa kutendwa juu ya taarifa hizo. Matini nayo ni kitu: ni mfuatano wa herufi wenye urefu, wenye nafasi zilizohesabiwa, na wenye vitendo vyake.

Hoja kuu ya mhadhara ni kwamba kufuta herufi si suala la ufundi peke yake. Kila amri ya kufuta hubeba ndani yake jibu la swali ambalo ni la wanaisimu: herufi ni nini, na ipi inaweza kuondoka bila neno kupoteza maana? Jibu lililo sahihi kwa Kiingereza au kwa Kiarabu laweza kuwa la maangamizi kwa Kiswahili. Kwa hiyo historia hii inawahusu wanafunzi wa Kiswahili kwa kadiri ileile inavyowahusu mafundi wa kompyuta.

2.0 Kufuta kwa Kuongeza: Zama za Utepe wa Karatasi

Kabla ya matini kukaa katika kumbukumbu ya mashine, ilikaa katika utepe wa karatasi uliotobolewa. Mwaka 1963 Marekani ilichapisha toleo la kwanza la msimbo wa ASCII, ambamo kila alama iliwakilishwa kwa nafasi saba. Katika utepe, nafasi ama ilitobolewa ama iliachwa bila tundu, na mpangilio wa matundu ndio ulioitambulisha herufi.

Tatizo lilikuwa dhahiri. Tundu likishatobolewa haliwezi kuzibwa. Opereta aliyekosea herufi hakuweza kuirudisha karatasi katika hali yake ya mwanzo. Ufumbuzi uliopatikana ulikuwa wa busara: badala ya kuondoa matundu, opereta alirudisha utepe nyuma nafasi moja na kutoboa nafasi zote saba. Herufi yoyote iliyokuwapo hapo ilimezwa. Mashine ya kusomea ilipokuta matundu yote saba ilielewa kwamba hapo pamefutwa, ikaruka na kuendelea. Ndiyo maana katika ASCII alama ya kufuta ilipewa namba 127, ambayo ni matundu saba kamili, ingawa alama nyingine za uendeshaji zimekaa mwanzoni mwa orodha, kuanzia 0 hadi 31.

Jambo hili lina maana ya kihistoria. Katika zama za utepe, kufuta kulikuwa ni kuongeza. Mahali palipofutwa palionekana kwa macho, na idadi ya makosa ya opereta ingeweza kuhesabiwa. Utepe, kwa namna yake, uliendeleza desturi ya mnakili aliyekata neno kwa mstari.

Lugha za programu zilipoanza kuishughulikia matini ndani ya kumbukumbu ya mashine, desturi hiyo ilikatika. Mfano mashuhuri ni SNOBOL, iliyobuniwa kuanzia mwaka 1962 katika maabara za Bell na David Farber, Ralph Griswold na Ivan Polonsky. Katika lugha hiyo mtunzi wa programu alitaja matini, akataja ruwaza anayoitafuta ndani yake, kisha akaandika alama ya usawa na kitakachochukua nafasi ya ruwaza hiyo. Alipotaka kufuta, aliuacha upande wa kulia mtupu. Kufuta kukawa ni kubadilisha kitu kwa kisichokuwapo. Wazo hilo linafanana na lile ambalo Noam Chomsky na Morris Halle walilitumia katika kitabu chao cha fonolojia cha mwaka 1968, ambamo sauti iliyodondoshwa huandikwa kuwa imegeuka sifuri. Ufanano huo utarejelewa mbele, kwani ndani yake mna tofauti kubwa.

3.0 Matini Inapokuwa Kitu: Simula na Smalltalk

Dhana ya vitu ilizaliwa Norwei. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, wakifanya kazi katika Kituo cha Kompyuta cha Norwei jijini Oslo, walibuni lugha ya Simula kwa ajili ya kuigiza mienendo ya mifumo halisi. Toleo la mwaka 1967, lijulikanalo kama Simula 67, ndilo lililoingiza wazo la aina za vitu na vitu vinavyozalishwa kutokana na aina hizo. Ndani yake, matini ilikuwa fremu yenye urefu uliowekwa tangu mwanzo. Yaliyomo yangeweza kubadilishwa, lakini fremu haikurefuka wala kufupika.

Wazo hilo lilikuzwa Marekani katika miaka ya 1970 na Alan Kay, Dan Ingalls, Adele Goldberg na wenzao katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, walipobuni lugha ya Smalltalk. Kitabu cha Adele Goldberg na David Robson cha mwaka 1983 kiliitangaza Smalltalk-80 kwa wasomaji wengi. Katika lugha hiyo kila kitu, hata namba moja, ni kitu chenye kupokea ujumbe. Matini ilikuwa ni safu ya herufi, na herufi iliyokaa katika nafasi fulani ingeweza kubadilishwa kwa nyingine. Hata hivyo, safu haikukubali kuondolewa kiungo. Aliyetaka matini isiyo na herufi fulani alipewa nakala mpya ambayo herufi hiyo haimo, na matini ya awali ikabaki kama ilivyokuwa.

Uamuzi huo wawezaelezwa kwa mfano wa nyumba za kupanga. Katika jengo lenye vyumba kumi, mpangaji mmoja aweza kuondoka na mwingine akaingia, lakini chumba hakiwezi kung'olewa na vingine vikasogea kuziba pengo. Asiyetaka vyumba kumi hana budi kujenga jengo jingine. Wakati huohuo, lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilimwachia mtunzi wa programu kazi yote: yeye mwenyewe alizisogeza herufi moja baada ya nyingine, na akikosea hesabu aliandika juu ya kumbukumbu isiyo yake. Kwa hiyo kufikia miaka ya 1980 palikuwa na njia mbili: njia ya nakala, iliyo salama lakini yenye kutumia kumbukumbu zaidi, na njia ya kusogeza, iliyo nyepesi lakini yenye hatari.

4.0 Java na Mgawanyo wa Matini Mbili

Lugha iliyouweka mgawanyo huu wazi zaidi ni Java, iliyotangazwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995 chini ya uongozi wa James Gosling, na kutolewa katika toleo la 1.0 mwezi Januari 1996. Wabunifu wa Java waliamua kwamba pawe na aina mbili za matini. Ya kwanza, iitwayo String, ni matini thabiti: ikishaumbwa haibadiliki. Ya pili, iitwayo StringBuffer, ni matini badilifu: hurefuka, hufupika na kugeuzwa.

Sababu za kuifanya matini ya kwanza kuwa thabiti zilikuwa za msingi. Matini isiyobadilika inaweza kutumiwa na sehemu nyingi za programu kwa wakati mmoja bila mmoja kumharibia mwingine. Aidha, ni salama zaidi: programu ikishathibitisha kwamba jina la faili linaruhusiwa, hakuna anayeweza kulibadilisha jina hilo kati ya kuthibitishwa na kutumiwa. Matini badilifu, kwa upande wake, ilikusudiwa kuwa karakana, yaani mahali pa kuunganishia vipande kabla ya kazi iliyokamilika kutolewa ikiwa thabiti.

Jambo ambalo aghalabu husahaulika ni kwamba karakana hiyo ilianza bila chombo cha kufutia. Katika matoleo ya 1.0 na 1.1, StringBuffer iliweza kuongeza mwishoni, kuingiza katikati, kubadilisha herufi moja, kugeuza mpangilio mzima, na kukata mkia wa matini kwa kupunguza urefu wake. Kuondoa herufi iliyokaa katikati hakukuwa na amri yake. Vitendo vya delete na deleteCharAt viliongezwa katika toleo la 1.2, mwezi Desemba 1998. Kwa hiyo kwa karibu miaka mitatu lugha iliyokuwa ikienea kwa kasi duniani ilijua kuingiza bila kujua kuondoa. Mwezi Septemba 2004, toleo la 5 lilileta StringBuilder, yenye vitendo hivyohivyo lakini isiyo na kufuli la kuzuia watendaji wawili kuibadilisha kwa pamoja. Kwa kuachana na kufuli hilo, ilipata kasi zaidi pale ambapo mtendaji ni mmoja tu.

Lugha nyingine zilifuata mgawanyo huohuo kwa kanuni zilizotofautiana kidogo, na tofauti hizo si za kupuuzwa. Chukua neno watanisaidia, lenye herufi 12. Katika Java nafasi huhesabiwa kuanzia sifuri, na amri ya kufuta hutajiwa nafasi ya kuanzia na nafasi ya kukomea, ambapo nafasi ya kukomea haimo katika zinazofutwa. Kwa hiyo kufuta kutoka 4 hadi 6 huondoa kiambishi cha mtendwa ni na kuacha watasaidia. Katika jukwaa la .NET la Microsoft, lililotolewa mwaka 2002, kitendo cha Remove hutajiwa nafasi ya kuanzia na idadi ya herufi za kuondoa. Namba zilezile 4 na 6 huondoa herufi sita, na kinachobaki ni wataia. Namba ni zilezile, neno ni lilelile, lakini kwa njia moja limepatikana neno sahihi la Kiswahili na kwa nyingine limepatikana lisilo neno.

5.0 Gharama ya Kufuta na Mtego wa Nafasi

Ndani ya matini badilifu ya Java mna safu ya herufi zilizopangwa bila pengo. Ikiondolewa ya kwanza, zote zilizobaki husogea nafasi moja. Katika matini ya herufi 10,000, kufuta ya mwanzo husogeza herufi 9,999. Anayefuta zote moja moja kuanzia mwanzo husogeza jumla ya herufi 49,995,000, ilhali angezifuta kuanzia mwisho hakuna herufi ambayo ingesogea. Matokeo ni yaleyale, lakini kazi iliyofanywa na mashine haifanani hata kidogo.

Mtego mkubwa zaidi umo katika hesabu ya nafasi. Tuseme programu imeagizwa kupita katika neno mmea kutoka mwanzo hadi mwisho na kufuta kila m. Katika nafasi ya sifuri inakuta m, inaifuta, na neno linakuwa mea. Sasa m ya pili imeshasogea na kukaa katika nafasi ya sifuri, lakini kihesabio cha programu kimekwenda nafasi ya kwanza, ambako kinakuta e. M ya pili imerukwa. Programu inamaliza kazi yake na kutoa mea, ilhali palitakiwa pabaki ea.

Wanafunzi wa kompyuta hufundishwa mtego huu mapema, pamoja na dawa zake: kuanzia mwisho kurudi mwanzo, au kukirudisha kihesabio nyuma hatua moja baada ya kila kufuta, au kuunda matini mpya kwa kukusanya zile herufi tu zinazotakiwa kubaki. Lakini mfano huu una la ziada kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Matokeo ya kosa, mea, ni kitenzi halali cha Kiswahili, tena chenye uhusiano wa maana na mmea. Kikaguzi cha tahajia hakitalikamata kosa hilo. Katika lugha ambayo silabi zake ni fupi na zilizo wazi, kosa la herufi moja mara nyingi huzaa neno jingine sahihi, na kwa hiyo hujificha.

6.0 Herufi kwa Mashine na Herufi kwa Msomaji

Hapa ndipo swali la ufundi linapogeuka kuwa la isimu. Mashine inaposema herufi, inamaanisha kizio kimoja katika safu. Msomaji wa Kiswahili anaposema herufi, mara nyingi anafikiria sauti. Vizio hivi viwili havilingani.

Mfano ulio karibu ni wa konsonanti zinazoandikwa kwa herufi mbili. Ikifutwa herufi ya kwanza ya chai, kinachobaki ni hai. Ghali huwa hali, na nyumba huwa yumba. Msomaji anajua kwamba ch, gh na ny ni sauti moja moja na kwamba hakuna sauti ya c iliyotolewa katika chai. Mashine haijui. Kwayo, ch ni vizio viwili visivyohusiana.

Mfano wa pili ni wa herufi zinazofuatana. Programu za kusafisha ujumbe wa simu hupunguza herufi zilizorudiwa, ili saaaana iwe sana. Kanuni ya kubakiza moja tu hugeuza kataa kuwa kata na choo kuwa cho. Kanuni iliyolegezwa, ya kubakiza mbili, huonekana salama, kwani katika Kiingereza ni nadra mno neno la kawaida kuwa na herufi ileile mara tatu mfululizo. Kiswahili hakikubali dhana hiyo. Katika aliiiba, kama ilivyo katika tungo aliiiba simu, kuna i tatu na kila moja ina kazi yake: ya kwanza ni ya kiambishi cha njeo li, ya pili ni kiambishi cha mtendwa kinachorejelea simu, na ya tatu ni ya mzizi iba. Anayefuta mojawapo anafuta mofimu.

Mfano wa tatu ni wa ritifaa. Tahajia sanifu hutofautisha ng'oa, yaani kutoa kilichopandwa pamoja na mizizi yake, na ngoa, yaani shauku au wivu. Msimbo wa Unicode, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, una alama zaidi ya moja zinazoweza kuchukua nafasi ya ritifaa. Ile ya kibodi ya kawaida na ile iliyopinda ya wapiga chapa zimewekwa katika kundi la alama za uakifishi. Ipo ya tatu ambayo imewekwa katika kundi la herufi, lakini haimo katika kibodi za kawaida. Kwa sababu hiyo, programu iliyoagizwa kufuta kila kisicho herufi itafuta ritifaa ya takriban kila mwandishi wa Kiswahili. Ng'ombe atakuwa ngombe, na ng'ang'ania, kama ritifaa zitachukuliwa kuwa mipaka ya maneno, litavunjika kuwa vipande vitatu ambavyo hakuna kamusi inayoviorodhesha.

Hata wahandisi wenyewe walilazimika kukiri kwamba kizio cha mashine si herufi. Java ilibuniwa wakati ambapo Unicode ilidhaniwa kutosha katika biti 16, yaani nafasi 65,536. Mwaka 1996 Unicode iliweka utaratibu wa kuwakilisha alama za ziada kwa jozi za vizio, na mwaka 2001 alama za kwanza za ziada ziliingizwa katika orodha. Toleo la Java la mwaka 2004 liliongeza vitendo vya kushughulikia jozi hizo, lakini deleteCharAt iliendelea kufuta kizio kimoja. Tangu emoji zilipoingizwa kwa wingi katika Unicode mwaka 2010, kosa hili limekuwa rahisi kuonekana: kufuta kizio kimoja cha kikaragosi huacha nusu isiyo na maana yoyote.

Mfano wa nne ndio mzito kuliko yote, kwa kuwa unahusu urithi wa maandishi. Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya hati za Kirumi kuenea; barua za Kilwa za mwaka 1711 zilizohifadhiwa Goa, India, ni miongoni mwa ushahidi wa kale unaojulikana. Katika hati hizo irabu hubebwa na alama zinazowekwa juu au chini ya konsonanti: fatha, kasra na dhamma. Msomaji wa Kiarabu amezoea kusoma bila alama hizo, kwa sababu muundo wa maneno ya Kiarabu humwezesha kuzikisia. Kwa hiyo programu za kutafuta maneno ya Kiarabu huanza kwa kuzifuta. Lucene, programu huria ya utafutaji iliyoanzishwa na Doug Cutting mwaka 1999 na kuandikwa kwa Java, ina sehemu ya Kiarabu inayofanya hivyo. Kwa upande wa ufundi kazi hiyo haina dosari: herufi zinasogezwa ipasavyo, na kihesabio kinarudishwa nyuma hatua moja baada ya kila kufuta, ili mtego ulioelezwa katika sehemu ya 5.0 uepukwe. Kwa Kiarabu ni uamuzi sahihi.

Kanuni hiyohiyo ikielekezwa kwenye utenzi wa Kiswahili, maana hupotea. Hati nyingi za Kiswahili ziliandika silabi ya kabla ya mwisho kwa herufi ya kuvuta, ambayo hubaki baada ya kusafishwa. Lakini irabu ya mwisho hutegemea alama peke yake. Zikifutwa, kata, kati na katu hubaki na sura moja. Kiti na kito hubaki na sura moja. Kuta na kutu vilevile. Ikumbukwe kwamba hati hizo tayari zina utata wake, kwani herufi moja ya ba mara nyingi ilitumika kwa b, p na mb. Ni utata huo uliowafanya Sheikh Yahya Ali Omar na P. J. L. Frankl, katika makala yao ya mwaka 1997, kupendekeza utaratibu kamili wa kuandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Programu inayofuta alama za irabu huongeza utata juu ya utata, tena kimyakimya.

7.0 Udondoshaji na Ufutaji

Wanafunzi wa fonolojia ya Kiswahili wamezoea dhana ya udondoshaji. Umbo la ndani mu-tu hutokea kuwa mtu; wa-ana hutokea kuwa wana. Mwanaisimu anaposema kwamba u imedondoka, hamaanishi kwamba imetoweka katika maarifa ya msemaji. Umbo la ndani linabaki, nalo ndilo linaloeleza kwa nini mu huonekana tena katika maneno kama muumba na muundo. Kanuni ya udondoshaji ina pande mbili, na pande zote mbili huhifadhiwa. Hii ndiyo tofauti iliyodokezwa katika sehemu ya 2.0. Matini badilifu ina upande mmoja tu. Baada ya amri ya kufuta, hakuna umbo la ndani la kurejelewa.

Historia ya uchanganuzi wa Kiswahili kwa kompyuta inathibitisha umuhimu wa tofauti hiyo. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Finland alipendekeza nadharia ya mofolojia ya ngazi mbili, ambamo umbo la ndani na umbo la nje huwekwa sambamba, herufi kwa herufi, na pale ambapo herufi ya ndani haisikiki nje, huwekwa sifuri. Hakuna kinachofutwa, kinacholinganishwa ndicho kinachoelezwa. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliyeanza kazi ya kukichanganua Kiswahili kwa kompyuta mwaka 1985, aliitumia nadharia hiyo na kuieleza katika makala ya mwaka 1992. Lugha yenye viambishi vingi hivyo isingeweza kuchanganuliwa vyema kwa kukata vichwa na mikia ya maneno tu, kwa sababu ki ya kitabu na ki ya kimya hazina hadhi sawa, na mkasi hauwezi kuzitofautisha.

Binadamu nao hufuta herufi katika lugha, na hufanya hivyo kwa sababu zinazoweza kuelezwa. Katika maandishi ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, neno habari liliandikwa mara nyingi khabari, na hatari iliandikwa khatari. Kadiri tahajia sanifu ilivyoimarika baada ya kuundwa kwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya makoloni ya Afrika Mashariki mwaka 1930, maumbo yasiyo na k ndiyo yaliyoshika. Herufi ilifutwa, lakini kamusi za zamani zimebaki katika maktaba, na mtafiti anaweza kuifuata njia yote kutoka umbo la awali hadi la sasa. Anayekubaliana na uamuzi huo na anayeupinga wote wana ushahidi wa kurejelea.

8.0 Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kwamba tendo la kufuta herufi limepita hatua nne. Katika utepe wa karatasi lilikuwa ni kuongeza matundu, nalo lilionekana. Katika Smalltalk lilikuwa ni kutengeneza nakala, na asili ilibaki. Katika Java lilitengewa mahali pake, yaani matini badilifu, huku matini thabiti ikilindwa isiguswe. Hatimaye, Unicode ilipopanuka, ilidhihirika kwamba hata kizio kinachofutwa hakina mipaka iliyo wazi.

Mgawanyo wa Java kati ya matini thabiti na matini badilifu unalingana na kanuni ambayo wahakiki wa hati wameifuata tangu zamani: asili haiguswi, na kazi yote hufanywa juu ya nakala. Mwaka 1970 J. W. T. Allen alichapisha orodha ya hati za Kiswahili na Kiarabu zilizokuwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Orodha kama hiyo ina thamani kwa sababu hati zenyewe zipo na zinaweza kurejelewa. Leo matini za Kiswahili zinakusanywa kwa wingi ili zitumike katika kamusi za kielektroniki, katika utafutaji na katika kuzifundisha mashine kutafsiri. Karibu zote hupitishwa kwanza katika programu za kusafishia. Pale ambapo programu hizo zimeandikwa kwa kuzingatia lugha nyingine, ritifaa, irabu zinazofuatana na alama za hati za Kiarabu ndizo zilizo hatarini kuwa za kwanza kuondoka, na matini iliyosafishwa ikishahifadhiwa peke yake hakuna hesabu itakayorudisha ng'oa kutoka katika ngoa.

Yapo mambo matatu yanayofuata kutokana na historia hii. Kwanza, kila mkusanyo wa matini za Kiswahili uhifadhi asili kama ilivyopatikana, na usafishaji wowote ufanywe juu ya nakala. Pili, kila kilichofutwa kiorodheshwe pamoja na kanuni iliyotumika, kama vile mhariri wa diwani anavyoeleza mabadiliko aliyoyafanya. Tatu, kanuni zenyewe zitungwe na wanaoijua lugha, kwa kuwa swali la herufi ipi inaweza kuondoka ni swali la fonolojia na mofolojia kabla ya kuwa la programu. Fundi anajua jinsi ya kusogeza herufi ili pengo lizibwe. Mwanafunzi wa Kiswahili ndiye anayejua kwamba katika aliiiba hakuna i iliyozidi.